Mwanamke wa Lamu katika hesabu za watafiti: kazi, uhamaji na amani

Ukisoma ripoti tatu kuhusu wanawake wa Lamu, moja ya ajira, moja ya uhamaji na moja ya amani, utadhani zinaeleza watu watatu wasiojuana. Katika ya kwanza ni mama wa nyumbani asiye na kazi. Katika ya pili haonekani, kwa kuwa amezaliwa Lamu na yuko Lamu. Katika ya tatu anatajwa kila ukurasa, lakini kama idadi ya waliohudhuria. Na huenda ni mtu mmoja: anaamka kabla ya alfajiri kukanda unga wa mahamri, aliwahi kukaa miaka miwili Jeddah, na nyumba mbili zikigombana mtaani ndiye anayegongewa mlango.

Wanaotafiti jinsia, uhamaji, kazi na amani wamelijua tatizo hili kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya ubishi wao ni kuhusu namna ya kuuliza. Anayezisoma ripoti zao, awe mwanachuo, afisa wa kaunti au katibu wa kikundi cha kina mama, atafaidika akijua namba zinavyopikwa kabla ya kupakuliwa.

Saa moja ndani ya siku saba

Tuanze na kazi, maana ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Oktoba 2013 wanatakwimu wa kazi walikutana Geneva kwa mwito wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), huo ukiwa mkutano wao wa 19, wakabadilisha maana ya kazi katika takwimu. Walisema kazi ni shughuli yoyote inayotoa bidhaa au huduma, iwe kwa matumizi ya mwenyewe au ya wengine. Kisha wakaigawa: kazi ya kipato, uzalishaji kwa matumizi ya nyumbani, mafunzo yasiyolipwa, kujitolea, na kapu la mwisho la kazi nyingine, zikiwemo za kulazimishwa. Ajira ni fungu la kwanza peke yake. Ukifanya kazi ya kipato hata saa moja katika siku saba zilizopita, wewe umeajiriwa. Usipoifanya, hata kama umepika, umefua, umechota maji na kulea mgonjwa siku zote saba, huhesabiki kwenye ajira.

Uamuzi huo ulikuwa na faida na hasara zake. Faida ni kwamba kwa mara ya kwanza kupika na kulea kulikubaliwa rasmi kuwa ni kazi. Hasara ni kwamba anayelima au kuvua kwa chakula cha nyumbani, ambaye zamani alihesabiwa kuwa ameajiriwa, alitolewa. Katika kijiji ambacho wanawake wengi hulima mtama na kunde za kula, kiwango cha ajira kinaweza kushuka ghafla bila mtu hata mmoja kuweka jembe chini. Kwa hiyo anayelinganisha takwimu za kabla na baada ya mabadiliko haya aangalie kwanza kipimo kilichotumika, ndipo alalamike kuhusu uchumi.

Sasa tuilete kanuni hiyo Pate au Faza, visiwani Lamu. Mahamri ya kuuza yanahesabiwa. Kama kibanda ni cha mume au cha mwana, mama anaandikwa msaidizi katika biashara ya familia. Kama ni chake, amejiajiri. Lakini mwulizaji akiuliza tu, «Mama, unafanya kazi?» jibu ni, «Sifanyi, niko nyumbani.» Mahojiano yanaishia hapo, na mtu wa saa nne za jikoni kila alfajiri anaingia kwenye safu ya wasio na kazi. Mwulizaji aliyefunzwa haulizi hivyo. Anaorodhesha: katika siku saba zilizopita, je, ulipika chochote cha kuuza? Ulisuka ukili? Ulishona kofia? Ulikaanga samaki? Ulipaka mtu hina kwa malipo? Ulifundisha watoto chuoni (madrasa) ukapewa chochote? Orodha iwe ya mahali pale. Fomu iliyoletwa kutoka bara na maswali ya kukama ng'ombe na kuchuma majani chai itawakosa wengi.

Siku saba zenyewe ni mtego mwingine kwa watu wa bahari. Wanawake wanaochokoa pweza na kuokota kombe kwenye miamba hutoka wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji mafu yakifika hawatoki. Timu ya watafiti ikishuka gatini katika wiki ya maji mafu na kuuliza juu ya siku saba zilizopita, itaandika kwamba hapa wanawake hawavui. Ikija wiki inayofuata itaandika kinyume. Ongeza msimu wa Kusi bahari inapochafuka, ongeza Ramadhani ambapo mapishi ya kuuza huongezeka, utaona kwa nini utafiti wa wiki moja ni picha ya wiki hiyo tu. Dawa yake haina gharama kubwa: panga ziara mbili, moja ya bamvua na moja ya maji mafu, na uandike tarehe ya mwezi wa Kiislamu kando ya ile ya kalenda ya kawaida kwenye kila fomu. Inashangaza ni wangapi wanafanya kazi Lamu bila kutazama mwezi.

Kushona kofia kuna utata wake. Mama anapewa kitambaa na nyuzi na mfanyabiashara, anashona kwa miezi, anairudisha kwa bei ambayo hakuipanga. Je, amejiajiri au ni kibarua? Mkutano wa 20 wa wanatakwimu haohao, mwaka 2018, uliweka kundi la kati kwa ajili ya watu kama huyu: wanaoitwa wa kujitegemea ilhali mwingine ameshika bei, mali ghafi na soko. Hili si suala la wasomi tu. Akiandikwa mfanyabiashara, msaada atakaopangiwa ni mkopo. Akiandikwa tegemezi wa mnunuzi mmoja, msaada unaofaa ni kumwezesha kununua nyuzi mwenyewe na kumfikia mteja wa pili. Mkopo kwa mtu asiyepanga bei ni deni analoongezewa.

Upande wa kazi zisizolipwa, kipimo ni shajara ya muda: mtu anaeleza saa 24 zilizopita, kipande kwa kipande. Shirika la Taifa la Takwimu la Kenya (KNBS) lilifanya utafiti wa aina hii mwaka 2021. Lilikuta wanawake wa miaka 15 na zaidi wanatumia asilimia 18.7 ya siku kwa kazi za nyumbani na malezi bila malipo, na wanaume asilimia 3.6. Ukigeuza kuwa saa, ni karibu saa nne na nusu dhidi ya dakika 52 hivi. Ugumu wa shajara uko kwenye kazi mbili za wakati mmoja. Mama anasuka ukili huku akimwangalia mjukuu na chungu kiko motoni. Fomu yenye safu moja itaandika kusuka, na malezi yatapotea. Fomu nzuri ina safu ya pili: «Na wakati huohuo ulikuwa ukifanya nini kingine?» Bila safu hiyo, ulezi ndio hupungua kuliko yote.

Makosa haya yakishaingia kwenye daftari huwa na bei. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyotokana na ujenzi wa bandari ya Lamu, sehemu ya mradi wa ukanda wa usafiri uitwao LAPSSET. Orodha yoyote ya aina hii ikianzia kwenye chombo na nyavu, itaanza na mwenye dau na mabaharia wake. Mama karanga, anayenunua samaki ufukweni, kumkaanga na kumuuza jioni, hana chombo wala nyavu. Samaki wakipungua, mapato yake yanakatika siku ileile. Mtafiti anayetaka kumwona aanze mahali samaki wanaposhushwa na kumfuata samaki hadi sahanini, akiandika kila mkono aliopitia.

Aliyeondoka, aliyerudi, aliyelipa akabaki

Dhana ya zamani ilikuwa kwamba mwanamume huhama kutafuta, na mwanamke hufuata. Mwaka 1984 mwanasosholojia Mirjana Morokvasic aliipinga waziwazi, akionyesha kwamba wanawake huhama kwa sababu zao wenyewe, na kazi ikiwa mojawapo kubwa. Makadirio ya ILO kwa mwaka 2019 yaliweka wafanyakazi wahamiaji duniani kuwa milioni 169, wanawake wakiwa wapatao milioni 70.

Pwani ya Kenya ina tabaka kadhaa za uhamaji, na kosa la kawaida ni kuzichanganya. Wabajuni wa bara ya kaskazini walihama vijiji vyao wakati wa vita vya shifta miaka ya 1960. Miaka ya 1970 walowezi kutoka bara walipewa mashamba Mpeketoni, upande wa bara wa Lamu, katika mradi wa Lake Kenyatta. Mwaka 1991 vita vya Somalia vilisukuma watu kusini kwa majahazi. Mwanamke anayeolewa kutoka Siyu kuja Amu (mji wa Lamu) naye amehama, ingawa hakuna anayemwita mhamiaji. Na sasa kuna safari za kazi nchi za Ghuba, kama Saudia na Qatar.

Kwa takwimu za Umoja wa Mataifa, mhamiaji wa muda mrefu ni aliyebadilisha nchi ya makazi kwa angalau miezi 12. Mkataba wa kawaida wa kazi za ndani Saudia ni miaka miwili, kwa hiyo anatimiza sharti. Lakini maswali ya kawaida ya sensa ni mahali pa kuzaliwa na makazi ya awali. Aliyezaliwa Malindi, akaenda Riyadh, akarudi Malindi miaka mitatu kabla ya sensa, anaweza kupita humo bila alama yoyote. Anayeitaka safari yake lazima achukue historia: kila mahali alipoishi zaidi ya miezi mitatu tangu alipotimiza miaka 15, kwa mwaka, na nani alilipia nauli.

Taratibu za kuondoka zina vituo vinavyojulikana: kitambulisho, pasipoti, hati ya mwenendo mwema kutoka polisi, vipimo vya afya, mafunzo, wakala aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA), mkataba kupitia mfumo wa Saudia uitwao Musaned, kisha visa. Mambo huharibika katika nafasi kati ya kituo na kituo. Kwa wakazi wa karibu na mpaka, hasa Wabajuni, kitambulisho chenyewe kwa miaka mingi kilihitaji kupita mbele ya kamati ya uhakiki. Wakala wengi wako Nairobi na Mombasa, basi katikati anaingia dalali wa mtaani, ambaye hana leseni na jina lake haliko kwenye karatasi yoyote. Pesa nyingi hupotea hapo, na ndiyo maana muathirika akishtaki hana wa kumshtaki. Swali la «Ulilipa wakala kiasi gani?» litaleta sifuri ya uongo. Uliza kila kiasi kilichotoka mkononi, kwa nani, na kama kulikuwa na risiti au ujumbe wa M-Pesa.

Kule ng'ambo, mfumo wa kafala unafunga ukaazi wa mfanyakazi kwa kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini. Saudia ililegeza masharti kwa wafanyakazi wa sekta binafsi kuanzia Machi 2021, lakini wafanyakazi wa majumbani hawakuingizwa katika mabadiliko hayo. Wasomi wanasisitiza sababu moja kuliko tabia ya mwajiri mmojammoja: mahali pa kazi ni nyumba ya mtu, mkaguzi wa kazi hafiki kwa urahisi, na mwajiri anayedaiwa mshahara ndiye huyohuyo anayempa mfanyakazi mahali pa kulala. Kenya ilisimamisha upelekaji wa wafanyakazi wa ndani Mashariki ya Kati mwaka 2014, ikaufungua tena 2017. Safari hazikukoma kwa marufuku. Waliotaka kwenda walipitia njia nyingine, na waliotumia njia hizo hawakuwa na mkataba ambao ubalozi ungeweza kuushika.

Hapa panahitaji uangalifu wa kipimo. Watafiti wengi huwapata waliorudi kupitia mashirika ya haki, na anayekwenda kwenye shirika ni aliyeumia. Wengine huwapata kwa mawakala, ambao huwatoa waliofanikiwa. Zote mbili ni kweli na zote mbili zimepinda. Njia bora ni kuanzia kwenye nyumba: chukua mtaa, pita nyumba zote au kila ya tano, uulize ni nani aliyeondoka au kujaribu kuondoka ndani ya miaka mitano. Utapata makundi manne: walioko huko, waliorudi baada ya mkataba, waliorudi kabla, na waliolipa dalali wakabaki na deni. Kundi hili la mwisho karibu kila utafiti hulisahau, ingawa ndilo lenye hasara isiyo na hata mwezi mmoja wa mshahara. Walioko huko wanaweza kuhojiwa kwa ujumbe wa sauti, ila kwa saa watakayochagua wao, na mtafiti asitume chochote kabla hajaambiwa kwamba simu ni yao na haikaguliwi na mwingine.

Nani anabaki na watoto? Mwaka 2000 mwanasosholojia Arlie Hochschild alieleza malezi kama mnyororo unaovuka mipaka. Malindi mnyororo huo unaonekana kwa macho. Mama anakwenda kulea watoto wa Riyadh. Watoto wake wanalelewa na nyanya yao, au na msichana aliyeletwa kutoka Ganze au Magarini kwa mshahara mdogo. Wadogo zake msichana yule wanaangaliwa na binti wa kumi na mbili ambaye shule imeanza kumpita. Kila pingili ya chini inalipwa kidogo kuliko ya juu, na ya mwisho hailipwi. Utafiti unaohesabu pesa zilizotumwa nyumbani bila kumfuata binti yule umehesabu mapato ukaacha gharama. Pesa nazo ni kubwa: fedha zilizotumwa Kenya kutoka ng'ambo zilifika takriban dola bilioni 4.9 mwaka 2024. Kwenye ngazi ya nyumba, swali lenye manufaa ni laini ya simu inayopokea ni ya nani. Wengi hutuma kwa mama mzazi au dada badala ya mume, na hapo ndipo panapojulikana nani ataamua kati ya ada ya shule na mawe ya kujengea.

Amani inayohesabiwa kwa viti

Tarehe 31 Oktoba 2000 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio nambari 1325 kuhusu wanawake, amani na usalama. Nguzo zake ni nne: ushiriki, ulinzi, uzuiaji, na misaada pamoja na ujenzi upya. Kenya ilizindua mpango kazi wake wa kwanza mwaka 2016 kwa jina la Kuhusisha Wanawake ni Kudumisha Amani, na wa pili ukafuata kwa miaka ya 2020 hadi 2024.

Mfano wa Kenya unaotajwa zaidi ni wa Wajir, kaskazini mashariki mwa nchi. Mwaka 1993, koo zikiuana, wanawake walianza na soko: wakahakikisha mwanamke wa ukoo wowote anaweza kununua na kuuza. Kutoka hapo walivuka kwa wazee na vijana, na Dekha Ibrahim Abdi, mmoja wao, alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Kamati za amani zilizoenea nchini baadaye zina asili katika kazi ile. Cha kuangalia ni mpangilio wake: soko kwanza, kikao baadaye. Miradi mingi leo hufuata mpangilio wa kinyume, ikianza na kikao chenye soda na mabango.

Lamu ya baada ya 2014 inaonyesha kwa nini mpangilio ni muhimu. Mashambulizi ya Mpeketoni na vijiji jirani kuanzia Juni 15 mwaka huo yaliua watu zaidi ya 60, wengi wao wanaume, na nyumba nyingi zikabaki mikononi mwa wajane. Julai ikaja kafyu. Uvuvi wa usiku ulikuwa tayari na vikwazo kutokana na utekaji wa wageni wa 2011. Hatua hizi ziliandikwa kama za usalama, lakini samaki wa usiku asipokuja, mama karanga hana cha kukaanga. Operesheni ya usalama ya Linda Boni ilipoanza Septemba 2015, Waaweer (Waboni) wa vijiji vya Basuba na Mangai walipungukiwa na msitu wanaoutegemea kwa asali, matunda na dawa. Mtafiti wa amani asiyeuliza juu ya kazi ataripoti utulivu, na mtafiti wa kazi asiyeuliza juu ya usalama ataripoti uvivu.

Kuna namba moja inayorudiwa katika karibu kila ombi la ufadhili: kwamba amani hudumu kwa asilimia 35 zaidi wanawake wakishiriki. Ina chanzo cha kweli. Mtafiti Laurel Stone alichambua mikataba 182 ya amani iliyotiwa saini kati ya 1989 na 2011, akakuta ushiriki wa wanawake unakwenda pamoja na ongezeko la asilimia 35 la uwezekano wa mkataba kudumu miaka 15. Lakini hiyo ni mikataba ya kumaliza vita, na kwenda pamoja si kusababisha. Huenda pande zilizokuwa tayari kusikilizana ndizo zilizowakaribisha wanawake. Lamu haina mkataba wa kutiwa saini. Kuibandika asilimia hiyo kwenye baraza la chifu ni kumvika mtu nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mwingine.

Kipimo kinachofaa baraza kinatengenezwa kwa daftari la kawaida lenye safu nne: wanawake waliokuwepo, waliosema, hoja zao zilizoingia kwenye kumbukumbu za kikao, na hoja zilizotekelezwa ndani ya miezi mitatu. Safu ya kwanza hujaa na ya nne huwa tupu, na sababu mara nyingi ni ratiba. Baraza la saa nne asubuhi linagongana na soko na jiko. Baada ya Alasiri watu hupatikana. Kamati za usalama za kaunti zina tatizo tofauti, kwa kuwa viti vyake hufuata cheo, kuanzia kamishna wa kaunti hadi wakuu wa vyombo vya dola. Mwanamke asiyeshika cheo hicho haingii hata awe na habari kuliko wote.

Na habari ni jambo la hatari. Kenya ilizindua mkakati wa kitaifa wa kupambana na itikadi kali Septemba 2016, na baadhi ya miradi iliyofuata iliwatazama kina mama kama macho ya kwanza ndani ya nyumba. Mama aombwe kutoa taarifa juu ya mwanawe, kisha kijana atoweke: hilo limevunja imani ambayo semina kumi hazitairudisha. Isitoshe, dhana kwamba mwanamke ni mpatanishi kwa kuzaliwa haina msingi. Wako wanaochochea kwa mashairi ya vijembe na kwa kuwadhihaki wanaume wasiolipiza. Mtafiti aliyekuja na jibu la «mama ni amani» hatawauliza, na hatawasikia.

Kwa anayetaka kufanya utafiti mwenyewe, karatasi ni hizi: idhini ya kamati ya maadili iliyotambuliwa, kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), kisha kuripoti kwa kamishna wa kaunti na ofisi ya elimu kabla ya kuvuka kwenda visiwani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inabana sauti na picha pia. Mhoji mwanamke peke yake. Mama mkwe akiwa sebuleni, majibu juu ya pesa hubadilika.

Kuficha majina hakutoshi. Kwa sensa ya 2019 kaunti nzima ilikuwa na watu 143,920, na vijiji vingine vina nyumba chache tu. Ukiandika «mjane wa Kiangwe, miaka 41, aliyerudi kutoka Qatar,» kila mtu kijijini amemjua kabla hajamaliza sentensi. Kanuni inayosaidia: kama sifa ulizotaja zinabakiza watu wasiozidi watano katika eneo hilo, ondoa moja au panua eneo, sema Lamu Mashariki badala ya kijiji, miaka ya arobaini badala ya 41, nchi ya Ghuba badala ya Qatar. Na fanya hivyo kwenye daftari lako la uwandani tangu siku ya kwanza, maana madaftari husahaulika kwenye boti.